Foronya ya Mkondoni

Kabla ya kutoka kazini Jumamosi ile, Bibi Harusi alirudi tena kuangalia pasi. Ilikuwa imezimwa. Waya wake ulining'inia ukutani vilevile alivyouacha, na chuma chenyewe kilikuwa kimeshapoa. Aliigusa kwa kiganja, akatoka, akafika getini, miguu ikamrudisha.

"Dada," mlinzi alimwambia alipompita tena, "hiyo pasi ingekuwa na miguu ingekufuata yenyewe."

Aliinamisha kichwa akapita. Jibu lingemfikia akiwa ameshafika nyumbani.

Hakuwa bibi harusi wa mtu. Jina hilo alibandikwa na rafiki wa shangazi yake, mwanamke mmoja mcheshi aliyeitwa Redio, kwa sababu alitembea macho chini na kuzungumza kwa kutikisa kichwa. Jina likamganda. Hakulikataa, maana kukataa nako kunataka maneno.

Zamani hakuwa hivi. Aliharibika siku mama yake alipofariki. Asubuhi ile alimwacha mama amelala, akamfunika vizuri, akafunga mlango, akaenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu, naye hakuwa na haraka, akasimama akicheka na wenzake. Aliporudi, shuka ilikuwa vilevile alivyoiweka, ila mama hakuwa anapumua. Tangu hapo kila alichokiacha nyuma yake, iwe mtu, jiko au mlango, alikiona kichwani kikiharibika yeye akiwa hayupo. Shangazi, dada wa baba yake, alimchukua akaja naye huku pwani, akamwombea kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ndogo ya wageni karibu na ufuo. "Upepo utakusaidia," alimwambia. Upepo ulikuwepo wa kutosha, lakini usingizi haukuja.

Na sasa kulikuwa na jambo la foronya.

Mkuu wa usafi pale kazini, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alikuwa na sheria moja aliyomweleza siku ya kwanza. "Kitu kikichanika, kinakuwa tambara. Tambara halina mwenyewe, unalitupa kwenye kapu lile, ukitaka unakwenda nalo nyumbani kupigia deki. Kitu kikipotea, kina mwenyewe. Mwenyewe ni wewe."

Juma lililopita mvua ilinyesha mfululizo. Kamba za nje hazikufaa, wafuaji wakaruhusiwa kubeba vitu vidogo wakavianike majumbani mwao. Bibi Harusi alibeba foronya nyeupe, zile za vyumba vya juu zenye ushonaji wa uzi wa buluu pembeni, akazitandaza chumbani kwa shangazi kila palipo na msumari. Alipozirudisha, moja haikuwepo. Alipekua chini ya kitanda, nyuma ya mitungi, ndani ya mito ya shangazi, hakuiona. Hakumwambia shangazi anatafuta nini, maana aliogopa atamtia hofu juu ya kazi aliyomwombea kwa kujipendekeza kwa watu.

"Jumatatu asubuhi iwe hapa," mkuu wa usafi alisema. "Isipokuwepo, na wewe usiwepo."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

*

Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, na Jumapili hiyo ilikuwa bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa na mwamba wa nje unabaki mtupu. Shangazi alimkuta ameketi kitandani, amejifunga tayari kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

"Hukulala," shangazi alisema.

"Nililala."

"Ulilala umekaa. Inuka. Leo unakwenda na sisi kutafuta pweza."

"Shangazi, mimi bahari siijui."

"Nayo haikujui. Mtajuana. Vaa viatu vya plastiki, matumbawe hayana adabu."

Walikuwa wanne. Mbele alitangulia Nahodha, mwanamke mfupi, mpana, ambaye hakuwahi kuendesha chombo chochote, ila kwenye mwamba neno lake ndilo la mwisho. Nyuma yake Redio, ndoo kichwani, mdomo haufungwi. Kisha shangazi, anayechechemea kidogo kwa goti la kushoto, na mwisho yeye, ndoo ya pili mkononi. Kila mmoja alishika fimbo nyembamba ya chuma ya kumchokolea pweza kwenye tundu lake.

"Bibi Harusi, inua macho," Redio alisema bila kugeuka. "Huo mchanga hautakuposa."

Shangazi alicheka. Bibi Harusi naye alitabasamu kidogo, kwa vile hakuna aliyekuwa anamtazama.

Walitembea juu ya mchanga mgumu wenye mikunjo, uliofanana na shuka iliyokaushwa bila kunyooshwa, mpaka wakafika mkondoni. Mkondo ulikatiza kati ya mchanga na mwamba wa nje. Hata maji yakipwa namna gani, wenyewe haukauki. Ni mweusi, una kina cha kummeza mtu, na unavuta. Palikuwa na sehemu moja tu ya kupita, mgongo wa jiwe uliolala chini ya maji, upana wake kama mlango. Ukitoka ufukweni unalenga jiwe kubwa jeusi, unaanzia hapo. Ukirudi kutoka nje unatafuta kijiti chenye kitambaa, kilichosimikwa upande wa pili, kwa sababu upande huo kuna vijiti vingi, masalio ya uzio wa mtego wa samaki uliokufa zamani, na vyote vinafanana.

Hayo Bibi Harusi hakuyajua. Shangazi alimpa Redio kazi ya kumweleza njiani, na Redio alieleza kila kitu isipokuwa hicho. Alieleza habari za mume wa jirani, bei ya sabuni, na mbuzi aliyekula pazia.

Walivuka maji yakiwa magotini, wakishikana mikono. Bibi Harusi alikuwa wa mwisho kupanda upande wa pili, na alipoinua macho kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani, alikiona.

Kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye kijiti kwa uzi wa nailoni kilikuwa kinapepea. Pembeni kilikuwa na ushonaji wa buluu.

 Alikisogelea. Ilikuwa foronya yake. Aliijua kama mtu anavyojua mwandiko wake, hata pale uzi wa buluu ulipokosewa na kurudiwa. Imefikaje huku hakujua, wala hakujiuliza. Upepo ule wa mvua labda, na mtu akaiokota akaifunga. Alichowaza ni Jumatatu. Wenzake walikuwa wameshatangulia, migongo imeinama. Alijaribu kufungua fundo, likakataa. Nailoni ilikuwa imejikaza. Alivuta. Foronya ikachanika pembeni, kipande kidogo kikabaki kwenye fundo, yeye akaikunja sehemu iliyobaki mkononi haraka, mara mbili, kisha mara nyingine, kwa mazoea, akaiingiza ndani ya blauzi. Ilikuwa baridi tumboni, lakini kwa mara ya kwanza tangu juma lile lianze alipumua mpaka mwisho.

Kuchanika alikuona. Pembe inashoneka, alijiambia. Usiku ataketi na sindano, ataifupisha kidogo, nani atapima.

*

Kile kilichofuata hakukitegemea. Alifurahi.

Mwamba ulienea mbele yake ukiwa na vidimbwi kila mahali, na kila kidimbwi kilikuwa na mambo yake: samaki wadogo wenye mistari, konokono waliobeba nyumba, majani yanayofumba ukiyagusa. Hapakuwa na mlango wa kufunga wala jiko la kuzima. Upepo ulipuliza kutoka mbali, ukampiga usoni. Shangazi alimwonyesha jinsi ya kutambua tundu lenye mwenyewe. "Angalia mlangoni. Akiwa amefagia, amepanga vijiwe na makombe, yumo. Pweza ni msafi kuliko wageni wako."

Alikuta tundu lililofagiliwa. Alichokoa kwa fimbo, taratibu kama alivyoelekezwa, na mkono laini ukatoka ukashika chuma, kisha mwingine ukashika mkono wake yeye. Alipiga kelele.

"Usimwachie," shangazi alisema. "Anakusalimia tu."

"Shangazi, ananivuta."

"Mvute na wewe. Nani ana mifupa hapo?"

Alivuta, akakaa chini kwenye kidimbwi, pweza amejizungusha kwenye kiwiko, na akasikia sauti ya mtu anacheka kwa nguvu. Ilimchukua muda kutambua kuwa ni yeye. Redio alisimama, ndoo mkononi, akamtazama.

"Kumbe una meno," alisema.

Hawakuona mbingu ilipobadilika. Nahodha ndiye aliyenyoosha mgongo kwanza. Upande wa bahari kuu palikuwa na ukuta wa kijivu, nao ulikuwa unakuja.

"Tunarudi," alisema. "Sasa hivi."

Mvua iliwakuta njiani. Haikuanza kwa matone, ilimwagika tu, nzito, na ufuo ukapotea, jiwe jeusi likapotea, wakabaki wao na kijivu pande zote. Maji nayo yalikuwa yameshageuka. Yaliingia kupitia mianya ya matumbawe bila kelele, vidimbwi vikaungana, na walipofika kwenye vijiti vya mtego wa zamani yalikuwa yamewafika kwenye vigimbi vya miguu.

Nahodha aliweka kiganja juu ya macho. Alitazama kulia. Alitazama kushoto.

"Kitambaa kiko wapi?"

Bibi Harusi hakuelewa. Kisha akaelewa, yote kwa pamoja.

"Kiko mbele huko," Redio alisema.

"Mbele ni mkondo. Nauliza kitambaa."

"Basi tumepita kulia sana."

"Au kushoto sana."

Walitembea kufuata vijiti, wakarudi. Vijiti vilikuwa vingi, vyeusi, vimelowa, kila kimoja ndugu wa mwenzake. Foronya ilimganda Bibi Harusi tumboni. Alitaka kusema.  Aliona sura ya mkuu wa usafi, akaona macho ya hawa wanawake waliomcheka leo kwa upendo yakibadilika, akaona shangazi akiaibika mbele ya wenzake kwa kuleta mtu wa namna hii. Sekunde moja tena, alijiambia. Watakipata wenyewe.

"Upepo umekichukua," shangazi alisema. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, goti limeanza kumkataa. "Na nilikifunga mwenyewe kwa nailoni."

"Ulikifunga wewe?" Bibi Harusi aliuliza kwa sauti ndogo sana, na mvua ikaimeza.

"Mimi nasema ni hapa," Redio alisema. "Nakumbuka hiki kijiti kilichopinda." Na kabla Nahodha hajamzuia akashuka. Hatua ya kwanza maji yalimfika kiunoni. Ya pili hakukuwa na chini. Alizama mpaka kichwa, ndoo ikaelea ikaondoka na mkondo, na mkono wake ukatokea mbali na pale alipoingilia. Nahodha alijitupa kifudifudi juu ya matumbawe, akanyoosha fimbo yake, Redio akaishika. Walimvuta wote watatu. Alipanda akikohoa, magoti yanavuja damu, na kwa mara ya kwanza Redio hakuwa na la kusema.

Ukimya wake ndio uliomwogopesha Bibi Harusi kuliko maji.

Shangazi alikuwa anautazama mkondo. Hakuwa analia. Alikuwa na ule utulivu aliokuwa nao mama asubuhi ile, chini ya shuka, na Bibi Harusi alijua kwamba akisubiri sekunde nyingine atakuwa amesimama tena kwenye foleni ya maji akicheka.

"Ninacho mimi," alisema.

Hawakusikia. Alijikaza, akasema tena, kwa sauti aliyoitumia kwa pweza. "Kitambaa ninacho mimi. Nilikichukua." Akakitoa ndani ya blauzi, kimekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe.

Walimtazama. Mvua ilikuwa inawapiga usoni na hakuna aliyefuta.

"Na ukakikunja," Nahodha alisema.

"Ni foronya ya kazini. Nilidhani imepeperuka. Sikujua ni alama. Nisipoirudisha Jumatatu wananifukuza."

"Mungu wangu," shangazi alisema taratibu. "Ile haikuwa tambara?"

"Gombaneni nyumbani," Nahodha alisema. "Ulikitoa wapi?"

"Sijui ni kijiti gani. Lakini fundo sikulifungua. Kilichanika. Kipande kimebaki kwenye fundo, kwa juu, chini kidogo ya ncha."

"Kwenye mvua hii nani ataona kipande?"

"Sioni. Nashika."

Alianza. Alishika kijiti cha kwanza kwa vidole, akapapasa kutoka nchani kushuka chini. Magome tu. Akaenda kingine. Makombe. Kingine. Siku zote alipapasa vitambaa kazini bila kutazama, akatafuta mshono na doa kwa vidole huku macho yakiwa kwenye pasi, na sasa aliyafumba kabisa, kwa sababu alipoyafungua aliona maji tu. Nyuma yake wenzake walifuata wameshikana, shangazi katikati. Maji yalikuwa magotini. Katikati ya kupapasa alikumbuka kuwa pweza wake yuko kwenye ndoo aliyoishika, ikimpiga mguuni na kumchelewesha. Aliiachia. Hakugeuka kuangalia ilikokwenda.

Kijiti. Magome. Kijiti. Kimevunjika. Mikono ilianza kufa ganzi, akaingiza vidole mdomoni kuvipasha moto, akaendelea. Alifika kwenye kijiti ambacho tayari alikuwa na hakika amekishika, akataka kukiruka, kisha akafanya lile alilochekwa nalo getini kila siku. Alirudi kuhakikisha. Na hapo, chini ya ncha, upande wa nyuma, kidole gumba kilipita juu ya kitu chembamba kilichokaza, na chini yake kitu laini, chenye mshono wa kurudiwa.

"Hapa."

Nahodha alikuja akashika naye. Aliitikia kwa kichwa, akashuka na fimbo mbele, akagonga. Ilisikika sauti ya jiwe.

"Hapa," alisema naye.

Walivuka maji yakiwa vifuani. Nahodha mbele, kisha Redio, kisha shangazi na Bibi Harusi wameshikana viuno kama watu wanaofundishana kucheza, mkondo ukiwasukuma ubavuni, kila hatua mguu unatafuta jiwe kabla ya kuamini. Lakini kabla hajashuka, Bibi Harusi aliwafanya wasubiri. Aliifungua foronya, akaifunga kijitini kwa pembe mbili, fundo juu ya fundo, akakitoa kile kipande kilichobaki kwenye nailoni kwa meno.

"Binti, maji," Nahodha aliita.

"Kesho kuna watu watapita," alijibu, na akashuka.

*

Ufukweni walikaa chini ya paa la kibanda cha kuhifadhia viti vya wageni, wanatetemeka.  Kisha shangazi akasema, huku anakanda goti, "Mimi ndiye niliyeichukua msumarini. Kila siku unaleta matambara ya deki, nikajua na hilo ni tambara. Alama yetu ya zamani ilikuwa imeoza. Nikasema hiki cheupe, kinaonekana mbali."

"Na mimi sikuuliza," Bibi Harusi alisema.

"Na mimi sikukwambia. Familia ya mabubu hii."

Nahodha alikuwa anakamua nguo yake. "Umetutia mdomoni mwa kifo," alimwambia Bibi Harusi bila ukali na bila kuchekesha. "Ukatutoa. Sijui nikuweke wapi. Nitafikiri." Kisha akaongeza, "Bamvua ijayo unatembea wa pili, nyuma yangu, ambapo nitaiona mikono yako."

Redio alipata sauti yake mwisho. "Ndoo yangu," alisema. "Na pweza wake. Mtu anavua mara moja maishani halafu anamwachia."

Usiku ule Bibi Harusi hakulala vizuri. Kila alipofumba macho aliona mkono wa Redio ukitokea mahali pasipo pake. Lakini kulipokaribia kucha alilala kidogo, amejinyoosha kama watu.

Jumatatu alifika mapema. Mkuu wa usafi alikuwa ameshasimama kwenye meza ya kupigia pasi.

"Iko wapi?"

 Aliinua macho, akaona mwanamke yule ana kovu dogo kwenye nyusi, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Iko baharini. Imefungwa kwenye kijiti pale mkondoni, inaonyesha watu njia. Sikuirudisha, na siwezi kwenda kuitoa."

"Huwezi?"

"Siwezi. Ila haijapotea. Imechanika." Akafungua ngumi, akaweka mezani kile kipande cha pembe, kimekauka, kina chumvi, uzi wa buluu umerudiwa pale palipokosewa.

Mkuu wa usafi alikichukua. Alikigeuza upande mmoja, akakigeuza wa pili, akavuta uzi kuona kama ni wenyewe. Alimtazama binti yule kwa muda mrefu, magoti yaliyochubuka, vidole vilivyokatwakatwa na makombe. Kisha akanyoosha mkono pembeni, bila kutazama, akakidondosha kwenye kapu la matambara.

"Shuka za juu zimejaa," alisema. "Washa pasi."

Bibi Harusi aliiwasha. Shuka ya kwanza aliikunja vibaya, ikabidi airudie. Mkuu wa usafi alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama.

"Na pweza mlipata?"

"Nilimpata mmoja. Nikamwachia."

"Ah," mkuu wa usafi alisema, na kwa sauti yake ilionekana hilo ndilo lililomsikitisha zaidi.